Nyayo za Mpulizaji

Fundi alikuwa akipiga randa nje ya nyumba ya Bibi, huko Kasense, na harufu ya mbao mbichi za paina ikaingia dirishani, ikatukuta sisi wanawake tumekaa mkekani tumenyoosha miguu. Lilikuwa jeneza la mama yangu. Wenzangu walinitazama kwa pembeni, wakingoja nilie. Lakini akili yangu haijawahi kukaa pale inapoagizwa kukaa. Ilinitoka, ikakimbilia kwenye kibanda kidogo cha mbao hizohizo, mimi nikiwa ndani yake nimepiga magoti, gunia limening'inia mgongoni kwangu, na mbele ya macho yangu viatu vya watu wazima vimevaliwa na watoto.

Kibanda kile nimekibeba miaka yote. Nilikwenda nacho chuo kikuu, na huko nikakikuta kwenye vitabu, kimechorwa na kuelezwa kama kitu cha heshima. Nimewahi kuwasimulia marafiki habari zake ili wacheke, na wamecheka. Kila mara nimesimulia nusu.

Ninyi wa rika langu mliosoma shule za msingi huku juu mtakumbuka baridi ya mwezi wa sita: sweta lililorithiwa kwa ndugu watatu, midomo iliyopasuka, na mafuta ya mgando yaliyokuwa yakiganda zaidi koponi. Mtakumbuka pia jinsi mtoto alivyoulizwa kila siku, "Wewe wa nani?" Mimi nilikuwa wa Bibi. Baba sikumjua. Mama alikuwa mama lishe Kasesya, akiwapikia madereva wa malori wanaongoja karatasi zao wavuke kwenda Zambia. Nikiuliza mama yuko wapi, Bibi alijibu, "Yuko mpakani." Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshajua kusoma na kila neno nililibeba kama lilivyo, niliuliza, "Mpaka lini?" Bibi alidhani namfanyia mzaha. Lakini sikuwa nacheza. Niliamini kabisa kwamba mpaka ni mahali watu wanapokwenda kungojea kitu kiishe, na kwamba kikiisha, mama atarudi.

Kitu cha kuchezea sikuwa nacho, na watoto wa jirani walikuwa na mama zao wa kuwaita ndani jua likishuka. Ndiyo sababu Jumamosi nilikwenda mjini kwa miguu, kwenye ukumbi wa parokia, kwa Sista Klotilda.

Sista Klotilda alikuwa Mfaransa, mzee, mwembamba kama mpini. Alikuwa ameishi Ufipa muda mrefu kiasi kwamba Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi yetu juu ya lafudhi yake, ila herufi "h" ilikuwa bado haijamkubali. Alisema "odi" na "abari." Baba yake, alituambia, alifanya kazi maisha yake yote katika jumba la maigizo huko kwao. Si mbele ambako watu wanapigiwa makofi, bali nyuma na juu, akivuta mapazia na kushusha miti ya kuchorwa. Sista alikulia nyuma ya pazia. Alipozeeka, kazi ya zahanati ikamshinda, akaamua kutuachia sisi kile alichorithi, maana hakuwa na mwingine wa kumwachia.

Alichorithi kilikuwa ni sheria tupu, na zilikuwa ajabu. Jukwaani usivae kijani. Jukwaani usipige mluzi. Mwenzako akitaka kuingia jukwaani usimtakie heri, mwambie neno moja la Kifaransa ambalo Sista alikataa kututafsiria, na baadaye nilipojua maana yake nilielewa kwa nini. Kulia na kushoto havikuwepo. Kulikuwa na upande wa uani na upande wa bustani. Hili lilituletea vurugu, kwa sababu upande ambao Sista aliuita wa bustani ulipakana na choo, na bustani halisi, ile ya kabichi za masista, ilikuwa upande wa pili. Ukiambiwa "tokea bustanini," nusu ya waigizaji walikimbilia kwenye kabichi.

"Si bustani ya kabichi!" Sista alipiga kelele. "Bustani ya mfalme!"

"Mfalme gani, Sista?" nikauliza.

"Alikufa zamani."

"Sasa kwa nini tunafuata bustani yake?"

Akasema, "Oliva, wewe utakuwa mtu wa tabu." Aliyasema kwa upendo, nadhani.

Sheria iliyonikwaza mimi hasa ilikuwa ya neno kamba. Jukwaani neno hilo halitamkwi. Kamba zilikuwepo, zilishikilia pazia, lakini ziliitwa nyuzi. Sista alisema wavuta mapazia wa kale walikuwa mabaharia, na kwao neno hilo lilileta balaa. Chuoni nilitafuta ukweli wa jambo hili nikakuta maelezo mengine mengi, kila moja likijiamini kuliko jingine, na sikuliamini hata moja. Lakini wakati ule shida yangu haikuwa mabaharia. Shida ni kwamba sisi watoto wa huku, mtu akisema uongo, tulisema amepiga kamba. Na mimi neno hilo lilikuwa mate yangu. Mtu akisema baba yake ana gari: kamba. Mwalimu akisema fimbo inamuuma yeye zaidi: kamba, ila hiyo nilisema moyoni. Kila Jumamosi kwa muda wote tuliokuwa jukwaani nililazimika kukaa bila silaha yangu, nikisikia uongo ukipita mbele yangu salama salimini.

Mchezo wenyewe Sista aliutunga kwa mtindo wa kwao wa vichekesho vya milango. Fundi mmoja alimtengenezea milango mitatu iliyosimama yenyewe, bila kuta, bila nyumba. Mwenye nyumba alikuwa tajiri mmoja asiyetaka kuonana na mtu. Kila mgeni akibisha, tajiri alijificha nyuma ya mlango mwingine na kumwambia mtumishi wake, "Mwambie sipo." Mgeni aliingia mlango huu, tajiri akatokea ule, mpaka mwisho amejificha mara nyingi mno hata mke wake akawa haamini kwamba yupo. Tajiri aliigizwa na Faraji, mtoto wa mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Baba yake alikuwa Mwislamu wa swala tano, na watu walishangaa kumwona mwanawe kwenye ukumbi wa parokia, lakini mzee yule alisema biashara ni kujua kusema mbele za watu, na akatoa kitambaa cha pazia juu yake.

Kabla pazia halijafunguliwa, Sista alichukua mpini uliovishwa kitambaa chekundu na kupigiliwa misumari ya shaba, akagonga sakafu ya mbao. Do. Do. Do. Ndivyo ilivyofanywa kwao, alisema, tangu zamani: mapigo matatu, watu wanyamaze. Siku ya kwanza alipogonga, sisi sote, bila kupangana, tuliitikia kwa sauti moja:

"Karibuuu!"

Sista aliganda na mpini mkononi. "Nini?"

"Si umebisha hodi, Sista?" akasema Faraji. "Nyumbani mama anasema hodi ni tatu. Ya nne ni ugomvi."

Nimesoma kwamba mapigo yale ni salamu kwa mfalme, malkia na watazamaji. Nimesoma pia kwamba ni ya Utatu Mtakatifu. Wanaoandika hayo hawakumsikia Faraji. Sista alikaa chini kwenye ukingo wa jukwaa akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa chake cha kichwani, na tangu siku hiyo akaamuru iwe hivyo: akigonga, itikieni. Mimi nilikwenda nyumbani na jambo hilo nikilitafakari. Kama ni hodi, basi kuna mtu anayebisha, na kama kuna anayebisha, basi kuna anayekuja. Sikuwa na shaka ni nani.

Mama alipita wakati huohuo, siku moja tu, akielekea Mpui kununua maharage. Nilimwambia kuna mchezo, na mimi ni mtumishi wa tajiri, nasimama katikati. Sista alikuwa hajagawa nafasi, lakini mimi nilikuwa nimeshajipa.

"Nitakuja," mama alisema.

"Kweli?"

"Hata kama ni juu ya gunia za mahindi, nitakuja. Nitakutazama wewe tu, hao wengine shauri yao."

Jumamosi iliyofuata Sista aligawa nafasi. Utumishi alipewa msichana mwingine, mwenye sauti kama kengele. Mimi aliniita pembeni.

"Wewe unasoma kuliko wote. Na unapenda kunong'ona nikiwa nafundisha. Utakuwa mpulizaji."

Kwao, mtu anayewakumbusha waigizaji maneno waliyosahau anaitwa hivyo, mwenye kupuliza. Sista alitafsiri neno kwa neno, akasahau alikuwa akilitafsiri mjini Sumbawanga. Nilipofika nyumbani na kumwambia Bibi kwamba Sista amenifanya mpulizaji, aliacha kusonga ugali.

"Unapuliza nini?"

"Sijui. Watu. Wakisahau nawapuliza, wanakumbuka."

"Na dawa?"

"Hajanipa bado."

Bibi alifunika sufuria. Mji wetu, jina lake lenyewe lina maana ya kutupa uchawi, na wageni wakishalisikia huanza kukaa mbali nasi kwenye basi. Sisi wenyeji tumechoka na utani huo. Lakini Bibi hakuwa akitania. Kesho yake alijifunga kanga mbili, akaenda kwa Sista, akamwambia kwamba katika ukoo wake hakuna aliyewahi kupuliza mtu, na mjukuu wake hataanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona Sista akieleza kwa mikono, akichukua karatasi, akinong'ona maneno sikioni mwa Bibi. Bibi alisikiliza, akasema, "Kumbe ni mnong'onezi tu. Sasa si useme?" Tukarudi nyumbani. Mimi nilikuwa na majonzi yangu. Kwa muda wa siku nzima nilikuwa nimeamini kwamba nina pumzi yenye nguvu, inayoweza kurudisha vitu vilivyopotea.

Kisha fundi akaleta kibanda. Kule Ufaransa mpulizaji hukaa kwenye shimo chini ya jukwaa, kichwa tu kikiwa juu, chini ya kifuniko kama gamba. Jukwaa letu halikuwa na shimo. Fundi alitengeneza sanduku la paina, likawekwa sakafuni mbele ya jukwaa, katikati. Mbele lilikuwa na uwazi unaotazama waigizaji. Nyuma, kuelekea watazamaji, niliingilia mimi, kisha gunia likashushwa. Viatu nilivua, kwa sababu Sista alisema mpulizaji asisikike hata akijikuna. Nilipiga magoti, nikainama mbele, karatasi za mchezo chini ya kidevu. Humo ndani kulikuwa na harufu ya utomvu, na joto la pumzi yangu mwenyewe.

Nilipoingia mara ya kwanza nikaelewa mambo mawili kwa pamoja. Hakuna atakayeniona. Na mimi sitamwona yeyote aliyekaa ukumbini, maana wote watakuwa nyuma yangu.

Mama alipiga simu ya Bibi siku chache kabla ya mchezo. Nilisikia malori yakinguruma upande wake.

"Utavaa nini, nikujue haraka?"

Ningeweza kumwambia. Lakini niliwaza: nikimwambia sitaonekana, ataona hakuna cha kujia. Safari yote ile, vumbi lote lile, kutazama sanduku?

"Utaona mwenyewe," nikasema.

Mchezo ulifanyika mchana. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Niliingia kibandani mapema, watu wakiwa bado wanaburuta mabenchi, nikasikiliza kila sauti ya mwanamke iliyoingia. Walikohoa, walisalimiana, mtoto mmoja alilia akatolewa nje. Ukikaa hivyo, umewapa mgongo watu wote uliowahi kuwajua, unagundua kwamba sauti za kikohozi zinafanana. Sista aligonga. Do. Do. Do. Ukumbi mzima, kwa kuwa watoto walikuwa wameshawafundisha wazazi wao, ukaitikia "Karibuuu!" na mimi nikaitikia mwishoni, peke yangu, taratibu, nikiwa na mgeni wangu moyoni.

Pazia likafunguka. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyostahili. Watu wa kwetu hawajui kukaa kimya mbele ya mchezo, na Sista hakuwakataza. Mgeni wa kwanza alipobisha na mtumishi akasema "Hayupo," walicheka. Wa pili alipobisha, wakamsaidia mtumishi kujibu. Kufikia wa tatu ukumbi mzima ulikuwa mtumishi: mtu akiulizia tu, mabenchi yote yanapaza sauti, "Hayupooo!"

Kisha kicheko kikaanza kuja mahali pasipostahili. Tajiri anahesabu milango yake, hakuna utani hapo, watu wanacheka. Mke analia, wanacheka. Niliangalia karatasi, sikuona kichekesho. Faraji pia alishangaa. Alijitazama suruali kama imefunguka. Nilikaa nikisugua mguu kwa mguu, kama nifanyavyo nikiwa na wasiwasi, na nilivyosugua ndivyo walivyozidi kucheka huko nyuma. Faraji akapoteza mstari wake.

Alikuja mbele mpaka karibu na kibanda, kama tulivyofundishwa. Macho yake yalitoka. Mstari niliuona, kidole changu kilikuwa juu yake: Nani tena huyu anayebisha? Maneno manne. Lakini uso wa Faraji ulikuwa umeuelekea ukumbi wote, na Faraji alimjua mama yangu, alikuwa amemkatia vitambaa dukani mara nyingi. Alikuwa anaona kila nisichoweza kukiona. Nikanyoosha shingo, nikanong'ona:

"Mama yangu amekuja?"

Nilitaka aitikie kwa kichwa tu. Lakini Sista alikuwa amewapigilia sheria moja kuliko zote: kibanda kikipuliza, sema, usifikiri. Faraji hakufikiri. Alisimama wima, akapanua kifua, na kwa sauti ile ya kuita wateja akauliza ukumbi mzima:

"Mama yangu amekuja?"

Na mabenchi yote, kwa furaha yao yote, yakajibu:

"Hayupooo!"

Sijui mchezo ulimalizikaje. Inasemekana ulimalizika vizuri, na mstari ule ulipigiwa makofi kuliko mingine, maana watu walidhani tajiri sasa anamwogopa hata mama yake. Mimi nilipuliza yaliyobaki bila kuyasikia. Nilipotoka kibandani mablanketi yalikuwa yameshashushwa, mwanga umejaa, watu wanatoka kwa mlango mkubwa, wamenipa migongo. Nilitazama kila mgongo. Nikavaa viatu, nikakaa kwenye ngazi ya ukumbi mpaka Sista alipokuja kufunga. Alikaa karibu yangu, na baadaye akasema kwamba baba yake pia hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi. Alidhani ananifariji.

Katika siku zilizofuata mambo mawili madogo yalitokea. Kwanza, wenzangu walianza kuniita Soksi. "We Soksi, njoo tucheze!" Pili, dereva mmoja wa lori aliacha kifurushi kwenye duka la kina Faraji, kimetoka Kasesya, kina jina langu. Nilikifungua hapohapo mbele ya vitambaa. Soksi za sufu, za bluu, jozi mbili, nene kama za mzungu. Hakuna karatasi, hakuna salamu. Nilizitazama nikaona ndivyo ilivyo: nimeomba mtu, nimeletewa soksi. Nilizivaa kila siku, kwa sababu ya baridi, na jina la Soksi nililipokea kuwa limetokana nazo. Kwamba waliniita hivyo kabla kifurushi hakijafika, mimi niliyehoji kila kitu, sikulihoji.

Simu ya Bibi ilikuwa imeingia maji, kwa hiyo sikumsikia mama mpaka alipokuja mwenyewe, mahindi yakiwa yameshavunwa. Alikuwa jikoni, amechuchumaa, anapuliza moto.

"Ule mchezo wenu ulikuwa mzuri," alisema.

"Nani kakuambia?"

"Nilikuja. Nilikaa nyuma, lori likanipigia honi kabla hamjamaliza. Nilikuona."

Nilisikia moyo ukinipanda, halafu akili ikaushika mguu, ikaushusha.

"Uliniona wapi?"

"Pale mbele."

"Mimi nilikuwa ndani ya sanduku, mama. Hakuna mtu aliyeniona. Haiwezekani kuniona." Hatukuwa jukwaani, na neno langu lilikuwa huru. "Hiyo kamba."

Mama alimtazama Bibi. Bibi alitazama sufuria. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ulikuwa mwingi, na mama alifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Haya," alisema.

Hatukulizungumza tena. Hakukuwa na ugomvi, na mama hakuwahi kuninyima kitu alichoweza kukipata. Alinisomesha kwa wali na maharage ya madereva mpaka chuo kikuu. Lakini kila aliposema jambo jema juu yetu sisi wawili, kwamba nilipokuwa mchanga alifanya hivi, kwamba usiku fulani aliniota, mimi nililipima kwanza kama mtu anavyoinua noti kwenye mwanga. Chuoni walisema nina akili ya uchunguzi. Nilijua nilikoipata.

Na sasa nilikuwa mkekani, fundi yuko nje, randa inakwenda na kurudi. Mbele yangu alikaa Mama Zawadi, aliyepika na mama meza moja Kasesya tangu malori yalipokuwa machache. Alikuwa amefika alfajiri. Hakuwa akinitazama usoni. Alikuwa akitazama miguu yangu, niliyoinyoosha kuelekea kwake, na kwenye pembe ya mdomo wake, katikati ya msiba, kulikuwa na tabasamu.

"Ndizo hizi?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Nyayo." Alizigusa kwa kidole, kama mtu anayejaribu kiazi kama kimeiva. "Mama yako alituchekesha nazo miaka. Alirudi siku ile na lori, vumbi mpaka kwenye kope, sisi tunamuuliza, haya, mtoto kachezaje? Akasema, nimekwenda kumtazama mwanangu akiigiza, mwenzenu nimeona nyayo mbili tu zimetokeza chini ya gunia. Soksi ya njano, imetoboka, kisigino kiko nje kama kiazi. Na zinasuguana hizo! Ukumbi wote umevunjika mbavu. Alicheka, mimi Mama Zawadi nakuambia, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akalia. Halafu akavuka ng'ambo kutafuta soksi."

Wanawake wengine walicheka kwa sauti ya chini, ile ya msibani. Mimi sikucheka.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema alikuambia. Ulimwambia ni kamba." Alisema bila lawama yoyote, kama anayetaja bei ya nyanya. "Akasema, huyu mtoto ana akili kunizidi, nitabishana naye nini? Na siku ile watu walivyopiga kelele 'hayupo, hayupo,' yeye kule nyuma alisema 'nipo.' Nani angemsikia?"

Hilo la mwisho silisadiki. Ni aina ya maneno ambayo watu huyaleta msibani pamoja na unga na kuni, na wanayaleta kwa nia njema. Mama Zawadi hakuwepo ukumbini, na simulizi ikikaa kwenye meza ya wapishi miaka mingi haibaki ilivyoingia. Nilikaa nikaichambua, kwa sababu ndivyo nilivyo, hata siku ile. Niliondoa "nipo." Niliondoa kulia. Nikajaribu kuondoa nyayo, zikakataa kutoka. Kibanda kilikuwa kifupi. Nilikuwa nimepiga magoti, nimeinama mbele. Gunia halikufika chini. Kile kicheko kisicho na kichekesho. Jina la Soksi lililokuja kabla ya soksi. Na zile za bluu zenyewe, jozi mbili bila barua: mtu aliyekaa Kasesya angejuaje kwamba soksi zangu zimetoboka, kama hakuja, kama hakukaa nyuma yangu, kama hakuniona?

Barua ilikuwepo, kumbe. Niliivaa kila siku mpaka ikachakaa, kisha Bibi akaifanya kishikio cha sufuria.

Nje randa ilinyamaza. Fundi alichukua nyundo akaanza kupigilia, na mimi sikuhesabu mapigo. Mtu alisema gari la hospitali limeonekana kwenye kona, wanamleta. Wanawake wakaanza kusogea, kukusanya kanga, kutengeneza njia kutoka mlangoni. Bibi, ambaye sasa haoni vizuri lakini mambo ya adabu anayaona yote, alinigusa goti.

"Kunja miguu, Oliva. Mama yako anapita."

"Niache kidogo, Bibi," nikasema. Nikainyoosha miguu vizuri, nyayo zikaelekea mlangoni.